Safari ya Gede Niliyoipanga Mwenyewe

Wiki iliyopita nilipeleka mapazia kwa fundi mmoja hapa Bamburi ayakunje pindo. Kwa miaka mingi nilikuwa sijaingia duka la fundi. Nguo zangu hununua zilizokwisha kushonwa, na zikifumuka huzishona mwenyewe kwa mkono. Sasa nilipovuka kizingiti tu nikakutana na harufu ile: mafuta ya cherehani, vumbi la kitambaa kipya, chuma kilichopata moto kwa kuzunguka tangu asubuhi. Fundi mwenyewe alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alinivutia kiti, akaniambia karibu mama. Nikamjibu kwa ukali hata mimi mwenyewe nikashtuka, nikamtupia mapazia mezani, nikatoka. Maskini ya Mungu, hakunikosea lolote. Siku ya pili nilirudi kumwomba radhi, lakini hasira sikuiacha pale. Nimerudi nayo nyumbani, na leo nataka niseme ni ya nani.

Ni ya ami yangu, ndugu yake babangu, baba mmoja mama mmoja. Yuko hai, anaswali safu ya mbele, na watu wakimwona hupangana kumpa mkono. Najua wengi wenu mliolingana nami umri mna ami wa namna hiyo, au mjomba, au kaka mkubwa, na mmefundishwa kama nilivyofundishwa mimi kwamba mtu mzima hatajwi kwa ubaya. Mimi namtaja.

Babangu alikuwa fundi wa nguo, Magogoni. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa ndicho karakana yake: cherehani tatu zimepangwa ukutani na ovaloki moja, mashine ya kufunga kingo za nguo, iliyonguruma hata vikombe vya jikoni vikatetemeka. Alishona kanzu na sare za skuli, na Idi ikikaribia tulikuwa tukimwona mgongo tu. Chumba kile kilikuwa na mlango wake wa barabarani kwa ajili ya wateja. Sisi wa nyumbani tulipita uani, na kati ya karakana na vyumba vyetu kulikuwa na pazia zito la kijani. Mamangu alikuwa akikata na kutia vifungo upande wa ndani wa pazia, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya baba, baba mwenyewe akisema. Cherehani mbili kati ya zile tatu zilikuwa zake. Bangili zake za harusi ndizo zilizogeuka cherehani, na mtaa mzima ulilijua hilo, ami akiwemo.

Mwaka ule, mimi nikiwa na miaka kumi, mwalimu wetu alituonyesha picha ya kasri la Gede. Kuta za mawe hazina paa, malango yamechongoka juu, na miti imesimama vyumbani kana kwamba ndiyo wenye nyumba. Nilimganda baba kwa maswali mpaka akaweka mkasi chini. Akasema likizo ijayo tutaondoka asubuhi, turudi jioni, sote wanne, mimi na yeye na mama na mdogo wangu Twalibu. Haikufika likizo. Jumatatu alishikwa na kichwa, Alhamisi tukamzika.

Mama akaingia eda. Kwa asiyejua, mwanamke akifiwa na mumewe hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato, na kwetu walivyoishika watu, asionekane na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mimi nilijua kwamba mtu hufungiwa akiwa na makosa, kama skuli, ukichelewa unabakishwa darasani wenzako wakicheza. Kwa hivyo nilidhani mamangu anaadhibiwa kwa sababu baba amekufa mikononi mwake. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nikimpelekea maji chumbani huku namtazama usoni nione kama anajuta.

Mama mdogo Zuhura, nduguye mama, alihama kutoka Likoni kuja kukaa naye. Na kila asubuhi, akishauza mahamri yake, alikuja jirani yetu Mama Kadzo, Mgiriama, mtu wa kanisani, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Aliketi kwenye mkeka kando ya mama akamchambulia mboga na kumpa habari zote za Magogoni, za kweli na za uongo. Mama alikuwa akicheka kidogo akiwa na hao wawili. Nilimsikia siku moja akiwaambia, "Eda ikisha, hiyo karakana naifungua mimi. Watoto hawa watasoma kwa sindano ile ile aliyokuwa nayo babao." Mama Kadzo akamjibu kwamba mteja wa kwanza ni yeye, na gauni la Krismasi asilishone kwa mwingine.

Ami alikuja jioni moja baada ya Alasiri. Nilikuwa uani nachagua mchele.

"Njoo hapa, mwanangu."

"Abee, ami. Shikamoo."

"Marahaba. Babako alikuahidi kukupeleka wapi vile?"

"Gede, ami. Kwenye kasri."

"Basi utakwenda, inshallah. Babako sasa ni mimi." Akatoa daftari jipya mfukoni na kalamu ya wino wa buluu. "Lakini safari ni yako. Mimi siingilii. Panga wewe siku, panga saa, panga chakula, panga watu. Ukimaliza unionyeshe."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza mimi ninataka saa ngapi. Nililala na daftari lile chini ya mto. Nilichora mistari kwa rula, nikaandika: tutaondoka saa mbili asubuhi, tutarudi saa kumi. Mahamri na mbaazi, maji chupa nne, kofia ya Twalibu, viatu vya kufunga si ndara. Upande wa watu niliandika mimi, Twalibu, ami na watoto wa ami. Nikampelekea siku ya pili, naye akavaa miwani akasoma kama anayesoma barua ya serikali.

"Wanangu wana chuo siku hiyo, wasikose Kurani," alisema. "Lakini hebu fikiri wewe mwenye akili. Nani katika nyumba hii hajapumzika tangu msiba?"

Nikafikiri. "Mama mdogo Zuhura!"

"Umeona? Akili za babako hizo. Na nani anaijua Gede kuliko sisi sote?"

Kwao Mama Kadzo ni huko huko Gede, alikuwa akituhadithia kila siku. Nikaliandika jina lake kwa herufi kubwa nikijiona mpangaji hodari.

"Na mama atabaki na nani, ami?"

"Mke wangu atakuja tangu alfajiri. Hatakuwa peke yake hata kidogo." Kisha akachukua kalamu, akafuta saa mbili akaandika baada ya Alfajiri, akafuta saa kumi akaandika Magharibi. "Kasri halitazamwi mbio mbio," alisema.

Nimelitazama jambo hili kila upande katika maisha yangu, na kila nikilitazama damu inanichemka. Angeweza kuja kama mwizi wa kawaida, akavunja kufuli, tukapiga kelele, tukamchukia na mambo yakaisha. Yeye alimchukua mtoto aliyefiwa, akampa daftari, akamtumia mtoto huyo kuiondoa nyumbani kila roho iliyompenda mamake. Na akamfanya afurahi. Hilo la furaha ndilo nisilomsamehe.

Maana wenyewe hawakutaka kwenda. Mama mdogo Zuhura alisema hawezi kumwacha dadake kutwa nzima. Mama Kadzo alisema Jumamosi ndiyo siku yake ya biashara, na huko Gede ataenda akitaka, si kwa kuvutwa. Nikalia. Nikasusa chakula cha mchana na cha usiku. Nikalitandika daftari mbele yao niwaonyeshe majina yao nilivyoyapigia mstari. Mwishowe mama akasema kutoka chumbani, "Nendeni naye. Babake alimuahidi. Siku moja si kitu." Wakakubali kwa ajili yake.

Asubuhi ile ami alileta Noah nyeupe ya kukodi na dereva wake. Mkewe alishuka, akaingia ndani kwa mama na kikapu chake. Ami mwenyewe akasema kazi imemzukia, hataweza kwenda, na tusiharibu safari kwa ajili yake. Nilimbusu mkono. Gari lilipokuwa linawashwa nikashuka tena nikambusu mara ya pili.

Siwezi kuwadanganya kwamba safari ilikuwa mbaya. Ilikuwa tamu. Tulipita Mtwapa jua likichomoza, Kilifi tukanunua korosho za moto, na Mama Kadzo akaimba nyimbo za kwao mpaka dereva akapunguza mwendo amsikilize. Gede kulikuwa na ubaridi chini ya miti, na ardhi ilinuka majani yaliyooza. Mwelekezi alitupitisha kwenye lango la kasri, akatuonyesha baraza ambapo watu waliketi kumngoja mtawala, vishubaka vya kuwekea taa ukutani, vyumba vya wanawake kwa upande wa nyuma. Alituonyesha chumba kimoja kisichokuwa na mlango, tundu tu juu ukutani, akasema huko ndiko walikoweka mali zao. Mama mdogo Zuhura alicheka, akavua viatu akakaa juu ya ukuta, na nikaona kumbe ni msichana. Twalibu alimkimbiza kima aliyemwibia hamri lake. Nilijisemea kwamba baba anatuona, na kwamba ami ni mtu mwema kuliko watu wote walio hai.

Wakati huo huo, hivi ndivyo ilivyokuwa nyumbani. Nimeyaokota maneno haya moja moja, mengine kwa mama na mengine kwa muuza makaa wa mkabala aliyeona kwa macho yake. Saa tatu ulikuja mkokoteni na wanaume sita. Ami alifungua mlango wa barabarani kwa ufunguo wa baba, aliouchukua siku ya maziko pamoja na simu yake ili, alisema, awajibu wanaotoa pole. Mama aliposikia sauti alisimama. Mke wa ami alikuwa ameshaketi mbele ya pazia la kijani, miguu ameinyosha.

"Usitoke," alimwambia. "Kuna wanaume huko. Wakikuona eda yako imeharibika, na marehemu atakudai kesho akhera."

Basi mama alisimama upande wa ndani akasikiliza. Alizijua cherehani zake kwa sauti. Akasikia ya kwanza ikikokotwa, akasikia ya pili, zile za bangili zake, akasikia ya tatu, kisha wanne wakiguna pamoja wanaipandisha ovaloki. Hakuna aliyesema naye neno jingine. Walipomaliza, mke wa ami alichukua kikapu chake akaenda zake, akamwachia chakula alichokuja nacho.

Tulirudi Magharibi kama nilivyopangiwa, tukaingia kwa mlango wa uani. Sikuona kitu. Mama mdogo na Mama Kadzo walibaki nje kushusha vyombo, nami nikatangulia mbio chumbani kwa mama, naye ameketi kwenye mkeka. Nikamhadithia yote. Lango, vishubaka, kima, chumba kisicho na mlango. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi nikimwigiza Twalibu. Naye alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kasri lina visima vingapi. Akaniuliza kama Mama Kadzo aliimba.

"Ulimshukuru ami yako?"

"Nilimbusu mkono, mama. Mara mbili."

"Vyema," alisema. "Kaoge."

Asubuhi niliamshwa na sauti ya Mama Kadzo barabarani. "Mumengoja nitoke! Siku moja tu nimetoka, moja, ndiyo mumengoja! Mwamwibia mtu yuko edani, na nyinyi mwaenda mkatawadha mkaswali!" Alikuwa akiwapigia kelele watu wote waliopita, kwa sababu wenyewe hawakuwapo wa kupigiwa. Nikakimbia nikalivuta pazia. Sakafuni kulikuwa na pamba za nyuzi, vipande vya chaki, na sehemu nne safi pale zilipokuwa zimesimama mashine.

Na mimi, badala ya kulia, nilimgeukia mama. "Mbona hukutoka? Si ungetoka ukawazuia! Mbona hukutoka?"

"Nilikuwa katika eda, mwanangu."

Nililichukia neno hilo. Nilimchukia naye pia, afadhali niseme. Wazee walikwenda kwa ami, wakanywa kahawa yake, wakarudi na jibu kwamba mali ya marehemu anaihifadhi yeye mpaka mirathi igawanywe, na mama avute subira. Mirathi haijagawanywa mpaka hii leo. Cherehani zilikuwa kwenye duka alilofungua mtaa mwingine, zikiwashonea watu sare, na sisi tukipita tulisikia ile ovaloki tangu pembeni mwa barabara. Eda ilipokwisha mama alikwenda kufua mashuka ya hoteli huku Bamburi. Miaka kumi na mbili ya mashuka, mpaka vidole vikagoma kukunjika. Gauni la Krismasi la Mama Kadzo alilishona kwa mkono, pindo kwa pindo, wala hakuacha tundu. Na mimi miaka yote hiyo nilimwona mamangu kuwa mwoga. Nikikosana naye, kubwa au dogo, nilimtupia lile lile: kwamba alisimama nyuma ya pazia akaacha tuibiwe.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nina watoto wangu, ndipo siku moja nikiwa kwenye darsa la wanawake Kisauni mwalimu wetu akafika mlango wa eda katika kitabu. Akasema mwenye eda ana ruhusa ya kutoka kwa haja yake mchana, ana ruhusa ya kusema na watu kwa lililo muhimu, na mali yake ikiguswa ana haki ya kuisimamia, wala eda haiharibiki. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilibaki pale pale. Kutoka gani hata huko? Karakana ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe! Alikatazwa kuingia chumba chake na mwanamke aliyeketi sakafuni kuwapisha wezi. Sikungoja dua ya kufungia darsa. Nilichukua bodaboda mpaka Magogoni.

Mama alikuwa uani, anamenya muhogo kwa vile vidole vyake. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, nahema, kwamba walimdanganya, kwamba alikuwa na ruhusa, kwamba angetoka asingepata dhambi hata chembe.

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Nilijua siku ile ile. Bibi yako alinisomesha hukumu za eda kabla sijaolewa."

Nikaketi. "Basi mbona hukutoka, mama?"

Alimenya kipande kizima kabla ya kunijibu. "Nilikuwa peke yangu. Yule kaniambia haramu, na wale wanaume kule wanaongea kama nyumba haina mtu. Mtu unaijua haki yako, lakini ukiwa peke yako miguu haikubali. Angekuwapo Zuhura, angekuwapo yule Mgiriama wangu, mmoja tu, aniambie toka, ningetoka."

Mimi ndiye niliyewaandika majina. Mimi ndiye niliyesusa chakula mpaka wakakubali. Na yeye alilijua hilo kila mara nilipomwita mwoga, miaka yote ile, na hajanirudishia hata siku moja.

Nikamwuliza, "Ulinikasirikia?"

Nilitaraji aseme la, kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Mama zetu husema hivyo. Akaweka kisu chini, akanitazama.

"Siku ile tu," alisema. "Uliporudi unacheka."